Edwin Link: Mjenzi wa vinanda aliyewafunza marubani kuruka bila kuiacha ardhi

Malindi ni mji uliozoea marubani tangu enzi za kale, na neno lenyewe lilifika huko kwa njia ya maji. Kabla ndege haijabuniwa, rubani alikuwa bingwa wa bahari aliyejua nyota, pepo na miamba, na ambaye bila yeye nahodha mgeni hakuthubutu kuvuka bahari kuu. Mwaka 1498 mtawala wa Malindi alimpa Vasco da Gama rubani wa aina hiyo, na kwa muda wa siku 23 hivi Wareno wakawa wameiona India. Waliporejea wakiwa wameupuuza msimu wa pepo, safari ile ile iliwachukua karibu miezi mitatu, na wengi wakafa kwa kiseyeye kabla ya kuiona tena Malindi.

Siku hizi neno hilo humtaja anayeketi mbele katika ndege zinazotua kwenye uwanja wa Malindi zikitoka Nairobi na Lamu. Kazi imehama kutoka majini hadi angani, ila hatari yake haijapungua. Mwezi Januari 2025 ndege ndogo ya mafunzo ilianguka eneo la Kwachocha, kando ya barabara ya Malindi kuelekea Mombasa, na watu watatu waliokuwa chini wakapoteza maisha. Chanzo cha kila ajali ni kazi ya wachunguzi. Hata hivyo, kila msiba wa namna hiyo huamsha swali ambalo limewasumbua walimu wa urubani kwa zaidi ya karne moja: mwanafunzi ajifunzie wapi kukosea, ilhali angani kosa moja laweza kuwa la mwisho?

Aliyelijibu swali hilo kwa mafanikio makubwa kuliko wote waliomtangulia hakuwa mwanajeshi wala profesa. Alikuwa fundi wa vinanda kutoka mji mdogo wa Marekani, jina lake Edwin Albert Link. Kila kijana anayeketi leo mbele ya kompyuta ya nyumbani akajaribu kutua kwa ndege ya kuigiza anafuata njia aliyoichonga fundi huyo. Maisha yake yanaonyesha faida ya mazoezi ya aina hiyo, na pia yanaonyesha mpaka wake, kwa namna iliyomgharimu Link kuliko mtu mwingine yeyote.

Mtoto wa kiwandani

Link alizaliwa Julai 26, 1904, katika mji wa Huntington, jimbo la Indiana. Mwaka 1910 familia yake ilihamia Binghamton, katika jimbo la New York, ambako baba yake alikuwa amechukua kiwanda cha vinanda kilichofilisika. Kiwanda hicho kilitengeneza vinanda vya kujipiga vyenyewe pamoja na vile vikubwa vya kumbi za sinema, vilivyotoa muziki wakati filamu zilipokuwa bado hazina sauti.

Vinanda hivyo viliendeshwa kwa upepo. Ndani yake mlikuwa na mivukuto ya ngozi, mirija, vali na pampu ya kuvuta hewa. Mpigaji alipobonyeza kitufe, vali ilifunguka, hewa ikapita, na kitu fulani mahali pengine kikasogea. Edwin alikua akizichezea vali hizo. Hakuwa mwanafunzi hodari darasani, lakini mikono yake ilielewa upesi jinsi hewa inavyoweza kuusukuma mbao na chuma.

Mwaka 1920, akiwa na umri wa miaka 16, alilipa dola 50 kwa somo lake la kwanza la kuruka huko Los Angeles, katika uwanja wa Sydney Chaplin, kaka yake mwigizaji Charlie Chaplin. Siku hizo hizo zilikuwa fedha nyingi. Mwalimu alimzungusha angani, akaibinua ndege, akashuka hadi karibu na mapaa ya nyumba, kisha akatua. Muda wote huo kijana hakuruhusiwa kuugusa usukani. Alishuka akiwa amependa kuruka na kuuchukia mtindo ule wa kufundisha. Mwanafunzi alilipia muda wa ndege, mafuta na mwalimu, na akarudi nyumbani mikono yake ikiwa haijajifunza lolote.

Aliendelea kujifunza kidogo kidogo kila alipopata fedha. Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1920 alikuwa rubani kamili, mwenye mojawapo ya ndege za kwanza kabisa kutoka kiwanda cha Cessna, akijipatia riziki kwa kuwabeba watu waliotaka kuonja anga. Ila lile somo la Los Angeles halikumtoka akilini.

Ndege isiyoruka

Walikuwapo waliojaribu kabla yake. Karibu na mwaka 1910 Wafaransa walikuwa wakimketisha mwanafunzi juu ya nusu pipa, huku wenzake wakilitikisa kwa mikono naye akijitahidi kuliweka sawa. Kasoro ya pipa ilikuwa kwamba halikuitikia vizuri yale aliyofanya mwanafunzi. Lilimtikisa tu.

Link alishuka katika chumba cha chini cha kiwanda cha baba yake na kufanya kazi humo kwa takriban mwaka mmoja na nusu. Mwaka 1929 alitoka na kifaa kilichofanana na ndege ya kuchezea watoto: kiwiliwili kifupi cha mbao, mabawa madogo, mkia na kiti kimoja. Kilisimama juu ya mhimili, na chini yake palikuwa na mivukuto minne ya vinanda. Mwanafunzi aliposukuma usukani kulia, vali zilifunguka, mvukuto wa upande mmoja ukanyonywa na wa upande wa pili ukajaa, na kifaa kikainama kulia. Alipokanyaga pedali, kiligeuka. Aliposahau kurudisha usukani, kilizidi kuinama, kama ndege halisi ambavyo ingefanya.

Hapo ndipo palipokuwa na tofauti kubwa. Kifaa hicho hakikumtikisa mtu ovyo, kilimjibu. Kosa la mwanafunzi lilimrudia papo hapo, akaliona na kulisahihisha, bila mtu kuumia wala tone la petroli kuchomwa. Link alimfundisha ndugu yake kwa njia hiyo, na baada ya saa chache za mtambo na muda mfupi tu angani, ndugu huyo akaweza kurusha ndege peke yake.

Link aliomba hataza na akaipata mwaka 1931, mwaka ambao pia alimwoa Marion Clayton, mwandishi wa habari aliyekuja kuwa mshirika wake katika kazi zote zilizofuata. Biashara, hata hivyo, ilikataa. Uchumi wa Marekani ulikuwa umeporomoka, na sinema zenye sauti zilikuwa zimeua soko la vinanda. Wenye shule za urubani walikiona kifaa chake kuwa kichekesho. Walionunua kwa wingi walikuwa wenye viwanja vya starehe, ambako watoto na wapenzi walitumbukiza sarafu ili kuonja raha ya kuruka. Kifaa kilichokusudiwa kuokoa maisha kikawa mchezo wa sikukuu.

Miaka hiyo hiyo urubani ulikuwa ukichipuka Afrika Mashariki. Kampuni ya Wilson Airways ilianzishwa Nairobi mwaka 1929, mwaka ule ule mtambo wa Link ulipokamilika. Huku pwani, Denys Finch Hatton, Mwingereza aliyekuwa na nyumba Takaungu, karibu na Kilifi, alikuwa akija kwa ndege yake ndogo aina ya Gipsy Moth. Mei 14, 1931, akitokea pwani, aliruka kutoka Voi, na muda mfupi baadaye ndege ikaanguka na kuwaka moto. Yeye na msaidizi wake walifariki. Enzi hizo rubani alijifunza juu ya kila ardhi akiwa tayari yuko juu yake, na wengi hawakuishi hadi somo la pili.

Mawingu ya mwaka 1934

Kilichobadilisha mkondo wa maisha ya Link ni barua. Mwezi Februari 1934 serikali ya Marekani ilifuta mikataba ya kampuni binafsi za ndege zilizosafirisha barua, na kazi hiyo ikakabidhiwa jeshi. Ilikuwa katikati ya majira ya baridi kali. Marubani wa jeshi walizoea kuruka mchana kwenye anga jeupe, huku wakiiona ardhi. Sasa walitakiwa kuruka usiku, katika theluji na ukungu, na wengi hawakuwa wamefunzwa kuongoza ndege kwa kutazama vipimo peke yake. Katika majuma machache zaidi ya wanajeshi 10 walikuwa wamekufa.

Sababu ya vifo vya namna hiyo haikuwa woga wala uzembe. Iko ndani ya mwili wa binadamu. Sikio la ndani lina mirija midogo yenye majimaji, nayo humjulisha mtu kwamba anageuka. Ndege ikizunguka polepole kwa kasi isiyobadilika, majimaji hayo hutulia, na mwili huamini kwamba ndege imenyooka. Rubani aliyezama mawinguni haoni upeo wa macho wa kumsahihisha. Akiinyoosha ndege, huhisi kama inaangukia upande wa pili, hivyo huirudisha katika mzunguko ule ule. Akiona inashuka, huvuta usukani, na kwa kufanya hivyo huukaza mzunguko zaidi. Wapo waliofika ardhini wakiwa na hakika kwamba wanaruka sawasawa.

Dawa yake ni moja: kuziamini saa za vipimo na kuukana mwili. Hilo halijifunzwi kwa kuambiwa. Link alikuwa ameuongezea mtambo wake saa hizo, pamoja na kifuniko kilichomfungia mwanafunzi gizani. Humo ndani mtu alihisi anageuka kushoto huku kipimo kikimwambia ananyooka, akabishana na mwili wake mara kumi, mara ishirini, mpaka jicho likaushinda mwili. Mwalimu aliketi nje mezani, ambako kalamu ndogo ya magurudumu ilichora juu ya ramani njia aliyoipita mwanafunzi, ili makosa yote yaonekane mwishoni.

Maofisa wa jeshi walikubali kukutana naye Newark, karibu na jiji la New York. Siku hiyo ukungu ulikuwa mzito, na waliomngoja walikwisha kata tamaa, wakijiandaa kuondoka, kwa kuwa hapakuwa na rubani ambaye angetua katika hali ile. Ndipo waliposikia mlio wa injini. Link alikuwa ameruka kutoka Binghamton kwa vipimo, na akatua salama. Hakuhitaji maelezo mengi baada ya hapo. Jeshi liliagiza mitambo sita, kila mmoja kwa dola 3,500.

Sanduku la buluu na kuba la nyota

Vita vya Pili vya Dunia viliufanya mtambo huo kuwa jina la kila siku katika kambi za anga. Ulipakwa rangi ya buluu, na wanafunzi wakauita sanduku la buluu. Zaidi ya mitambo 10,000 ilitengenezwa, na zaidi ya wanahewa 500,000 wa Marekani na nchi washirika walipitia humo kabla ya kukabidhiwa ndege halisi. Wengi walilichukia sanduku hilo, maana lilikuwa na joto, lilibana, na lilifichua udhaifu wa mtu mbele ya mwalimu wake. Idadi ya walioponea humo makosa ambayo angani yangewaua haiwezi kuhesabika, kwa kuwa ajali isiyotokea haiachi kaburi.

Waingereza walikuwa na tatizo jingine. Ndege zao zilivuka Atlantiki na kuruka usiku kucha juu ya nchi za adui, na waongoza safari walihitaji kujua mahali walipo kwa kutazama nyota. Link, akishirikiana na P.V.H. Weems, bingwa wa elimu ya safari wa jeshi la wanamaji la Marekani, alibuni mtambo mkubwa uliojengwa ndani ya jengo refu mithili ya ghala la nafaka. Juu yake palikuwa na kuba lenye taa ndogo zilizopangwa kama nyota, nalo lilisogea taratibu kadiri saa zilivyopita na safari ilivyoendelea. Kundi zima la wanahewa liliweza kusafiri usiku mzima bila kutoka nje ya jengo.

Mtu wa Pwani angeielewa kazi hiyo haraka. Manahodha wa majahazi ya Lamu, Malindi na Mombasa walijifunza nyota kwa kufundishwa na wazee wao, na kijana alizijua kwa majina kabla hajashika usukani usiku. Link alilichukua anga lile lile na kuliingiza ndani ya nyumba, ili mwanafunzi apate kulisoma hata wakati wa mvua.

Mwaka 1954 Link aliiuza kampuni yake. Chini ya wamiliki wapya iliendelea kutengeneza simuleta, kama mitambo hiyo ilivyokuja kuitwa, zikiwemo zile walizotumia wanaanga wa Gemini na Apollo. Mpango huo wa kufanya jambo kwanza mahali salama ulifika hata kaskazini mwa Malindi. Waitaliano walioweka jukwaa la San Marco baharini karibu na Ngomeni walirusha setilaiti yao ya kwanza kutoka Marekani mwezi Desemba 1964, wakijizoeza kazi hiyo, kabla ya kurusha nyingine kutoka pwani ya Kenya mwezi Aprili 1967.

Kutoka angani hadi baharini

Akiwa na fedha na umri wa miaka 50, Link angeweza kupumzika. Badala yake aliigeukia bahari. Yeye na Marion walianza kuzama kutafuta mabaki ya meli za kale, na mwaka 1958 walichapisha utafiti wao kuhusu njia aliyopita Christopher Columbus katika visiwa vya Bahamas. Mwaka 1959 waliongoza uchunguzi wa mji wa Port Royal, Jamaika, uliozama katika tetemeko la ardhi la mwaka 1692. Miongoni mwa vitu walivyoibua ni saa ya mfukoni ambayo picha za eksirei zilionyesha kwamba mishale yake ilikuwa imesimama kabla kidogo ya saa sita mchana, wakati ule mji ulipozama.

Kazi ya namna hiyo imefika pia Kilifi. Tangu mwaka 2013 wataalamu wamekuwa wakichunguza, katika maji ya Ngomeni, mabaki ya meli inayoaminika kuwa ya Wareno wa zama za Vasco da Gama. Anayezama kwa ajili hiyo hukutana na tatizo lililomkera Link, kwamba mwili wa binadamu hauwezi kukaa chini kwa muda mrefu na kurejea juu ghafla bila madhara.

Link alilishughulikia kwa njia yake ya kawaida: alitengeneza chombo na kukijaribu mwenyewe kwanza. Mwaka 1962, katika bahari ya kusini mwa Ufaransa, alikaa saa nane ndani ya silinda ya alumini, mita 18 chini ya maji. Siku chache baadaye Mbelgiji Robert Sténuit alikaa zaidi ya saa 24 kwenye kina cha takriban mita 60, akivuta hewa iliyochanganywa na heliamu. Mwaka 1964 Sténuit na Jon Lindbergh walikaa siku mbili kwenye kina cha mita 130 hivi. Kisha zikafuata nyambizi ndogo zenye chumba cha nyuma ambacho mzamiaji aliweza kutokea akiwa baharini. Iliyo maarufu kuliko zote iliitwa Johnson Sea Link, na ilianza kazi mwaka 1971.

Wahenga wa pwani walisema, mwana maji wa Kwale kufa maji mazoea. Juni 17, 1973, nyambizi hiyo ilishuka karibu na Key West, Florida, ikiwa na watu wanne. Miongoni mwao alikuwa Edwin Clayton Link, mtoto wa Link, mwenye umri wa miaka 31. Ilikuwa kazi ya kawaida. Ikiwa kwenye kina cha mita 110 hivi, ilinaswa na nyaya za manowari kuukuu iliyokuwa imezamishwa hapo. Meli ya Link ilikuwa juu yao, lakini mkondo wa maji ulikuwa na nguvu, na majaribio ya kuinasua yalishindikana, moja baada ya jingine. Ilipita zaidi ya siku nzima kabla nyambizi haijavutwa juu.

Wawili waliokuwa mbele, ndani ya tufe la plastiki nene, walitoka wakiwa hai. Wawili wa nyuma, Clayton na mwenzake Albert Stover, walikuwa wamefariki. Chumba chao kilikuwa cha alumini, madini yanayopitisha baridi upesi kuliko plastiki ile. Kemikali iliyowekwa humo ili kuifyonza hewa chafu wanayoitoa watu hupungua nguvu katika baridi. Hewa chafu ilijaa polepole mpaka ikawashinda.

Link alikuwa ametumia nusu ya maisha yake kuhakikisha kwamba hatari hukutanwa nayo kwanza mahali ambapo haiui. Watu wake walikuwa hodari na chombo kilikuwa kimejaribiwa. Kilichomuua mwanawe ni hali ambayo haikuwa imefanyiwa mazoezi: kunaswa kwa muda mrefu, katika baridi, nyuma ya ukuta wa alumini. Kila zoezi humwandaa mtu kwa yale ambayo aliyelipanga aliyafikiria, na bahari, kama anga, haina wajibu wa kujifunga katika fikra za mtu.

Hakuiacha kazi. Miaka iliyofuata aliielekeza nguvu yake katika kubuni chombo kisichobeba mtu, kinachoongozwa kwa kebo kutoka melini, ambacho kingeweza kushuka kuwakwamua walionaswa. Nyambizi zilizobeba jina lake ziliendelea kufanya utafiti kwa miongo kadhaa, na moja ya kazi zake ilikuwa kusaidia kutafuta mabaki ya chombo cha anga cha Challenger kilicholipuka mwaka 1986. Kufikia wakati huo Link mwenyewe alikuwa hayupo. Alifariki Septemba 7, 1981, Binghamton, akiwa na miaka 77. Uwanja wa ndege wa mji huo una jina lake.

Urithi katika chumba cha kulala

Siku zake za mwisho ziliona mwanzo wa jambo ambalo hakulitengeneza, ingawa lilitoka katika wazo lake. Bruce Artwick, mhandisi kijana wa Marekani, alikuwa ameandika programu ya kuigiza urukaji kwa ajili ya kompyuta ndogo za nyumbani. Michoro yake ilikuwa mistari michache tu juu ya skrini. Mwaka 1982 kampuni ya Microsoft ilitoa toleo lake, na kwa miaka iliyofuata mistari ikageuka milima, mawingu na miji. Katika toleo la mwaka 2020, dunia nzima imechorwa kwa msaada wa picha za setilaiti. Kijana wa Malindi anaweza kuutafuta uwanja wa mji wake, akauona ufuo na mdomo wa mto Sabaki, na akajaribu kutua.

Je, mchezo huo humfanya mtu kuwa rubani bora? Jibu linafanana na lile lililopatikana katika sanduku la buluu. Husaidia sana katika mambo ya akili na ya mpangilio: kuzoea kupitisha macho kwenye vipimo bila kuganda kwenye kimoja, kukariri hatua za kabla ya kuruka na kabla ya kutua, kufuata njia ya redio, kuuelewa uwanja mgeni kabla ya kuufikia. Mwanafunzi anayeyafanya hayo nyumbani usiku hafiki asubuhi akiyalipia kwa bei ya saa ya ndege. Rubani mwenye leseni ambaye hajapita mawinguni kwa muda naye hupata pa kulinoa jicho lake.

Una madhara yake pia. Skrini haimwonjeshi mtu uzito wa usukani, mtikisiko wa upepo wa kusi unaovuma kwa kukingama na njia ya kutulia, wala ule uongo wa sikio la ndani. Asiyekuwa na pedali husahau kwamba ndege ina miguu. Anayezoea kukodolea macho vipimo hufika kwa mwalimu akiwa haangalii nje, ilhali mwanafunzi wa mwanzo anatakiwa kuangalia nje kuliko ndani, kwa kuwa ndege nyingine, mlingoti na mawingu viko huko. Mbaya zaidi, kompyuta ina kitufe cha kusimamisha safari, na anayefanya kosa peke yake bila wa kumkosoa hulirudia mpaka likawa tabia. Ndiyo sababu saa za kompyuta ya kawaida ya nyumbani hazihesabiwi kwenye leseni. Zinazohesabiwa, tena kwa kiasi, ni za mitambo iliyokaguliwa na kuidhinishwa na mamlaka, chini ya mkufunzi.

Link hakuwahi kudai kwamba sanduku lake lilichukua nafasi ya anga. Shule yake mwenyewe ilikuwa na vyote viwili, mtambo na ndege, na mwanafunzi alianza na kimoja akamalizia na kingine. Alichotaka ni kwamba lile kosa la kwanza, ambalo kila mwanafunzi lazima alifanye, lifanyike chini, mbele ya mwalimu, na kalamu ilichore mahali lilipotokea.

Kwa watu wa Malindi, ambao nyumba na barabara zao zimo chini ya njia ya ndege za mafunzo, jambo hilo halihusu vijana wenye kompyuta peke yao. Mwendesha bodaboda wa Kwachocha na mama anayevuka barabara kwenda sokoni hawajui saa ngapi mwanafunzi aliye juu yao amejizoeza, na hawana namna ya kuuliza. Usalama wao umo katika subira ya mwanafunzi kukubali kukosea ardhini, na ya mwalimu kukataa kumwachia anga mpaka atakapomwona akilisahihisha kosa lake mwenyewe.